Paybill, WhatsApp na Fomu za Google: nini hasa kinakibeba chama cha watumishi wa mabweni

Chama cha kitaaluma cha watumishi wa mabweni ya vyuo hakiendeshwi kama chama cha wahasibu. Nusu ya wanachama hawana meza wala kompyuta. Matroni yuko zamu ya usiku, fundi bomba yuko juu ya tangi, msimamizi wa bweni anakaa ghorofa ya chini ya jengo analolisimamia na simu yake ndiyo ofisi. Zikifika wiki mbili za kufungua chuo, hakuna anayesoma ujumbe wa chama: kila mmoja ana foleni ya wanafunzi wanaodai funguo, godoro lililochanika, au jina ambalo halipo kwenye orodha ya vyumba. Anayekiongoza chama naye huwa ni mmoja wao. Kazi ya uenyekiti anaifanya saa nne usiku, kwa bando lake mwenyewe.

Ndiyo maana zana zinazopimwa hapa ni zile ambazo vyama vya namna hii vinaweza kuzimudu Kenya na Tanzania, na kipimo ni kimoja: mwisho wa mwaka, je, zana hii itakusaidia kujua nani ni mwanachama halali, amelipa nini, na nani ana haki ya kupiga kura? Uzuri wa skrini hauna nafasi katika hesabu hii. Chama kisicho na jibu la swali hilo hufika mkutano mkuu na kumaliza asubuhi nzima kikigombania rejista, ajenda ya mafunzo ikasukumwa hadi saa ya chakula.

Kwa ajili ya hesabu, chukulia chama cha watu 180 kutoka vyuo 14, kila mmoja akitoa ada ya shilingi 3,000 za Kenya kwa mwaka.

Laini ya mweka hazina

Tuanze na mshindani ambaye hayumo kwenye tangazo lolote. Vyama vingi vichanga hukusanya ada kwenye laini binafsi ya mweka hazina. Haina fomu ya kujaza, haina kusubiri, na kila mtu anajua kutuma pesa. Kwa watu 15 inatosha.

Kwa watu 180 inavunjika, tena kwa sababu zinazohesabika. Ada zote zikiingia kwa mkupuo zinakuwa 540,000, na akaunti ya M-Pesa ya mtu binafsi Kenya haibebi zaidi ya 500,000. Watakaochelewa watarudishiwa pesa na kuambiwa akaunti imejaa, na wengi hawatajaribu tena. Pili, mweka hazina akiwa na deni la Fuliza (mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lililopungua), kila ada inayoingia hukatwa kulipa deni lake kabla hajaiona. Tanzania, Songesha ya Vodacom hufanya vivyo hivyo. Hapo hakuna aliyeiba, lakini kitabu hakilingani na salio, na kumweleza hivyo mwanachama aliyekasirika ni kazi ngumu kuliko kuiba kwenyewe. Tatu, pesa iliyo kwenye laini ya mtu ni ya mtu. Akifariki, inaingia kwenye mirathi, na chama kinakwenda kupanga foleni na wadai wengine.

Paybill na namba ya kampuni

Hiki ndicho kitu kimoja ambacho chama kinastahili kukitafuta kabla ya nembo, tovuti na fulana. Wengi hukosea mwanzoni kwa kuchukua Till, ile ya Lipa na M-Pesa ya dukani, kwa sababu hupatikana haraka. Till humwomba mlipaji namba ya duka na kiasi, basi. Paybill humwomba kitu cha tatu: namba ya akaunti. Kisanduku hicho cha tatu ndicho kinachogeuza muamala kuwa kumbukumbu ya uanachama. Tanzania tofauti ni hiyo hiyo: Lipa Namba ni ya dukani, ila malipo kwa namba ya kampuni huuliza namba ya kumbukumbu ya malipo.

Umuhimu wa kisanduku hicho umeongezeka Kenya tangu Safaricom ianze kuficha sehemu ya namba ya simu ya mlipaji. Zamani mweka hazina aliweza kumtambua mtu kwa simu. Sasa haoni namba kamili, na jina linalotokea ni la mwenye laini, ambaye mara nyingi ni mke, mtoto, au wakala.

Kinachoandikwa kwenye kisanduku hicho ni namba ya uanachama, nayo iwe ya tarakimu tupu. Herufi zinasumbua kwenye simu za kubonyeza, na mtu mmoja ataandika MK014, mwingine mk-14, wa tatu MK O14 kwa herufi O. Mpangilio unaofanya kazi ni tarakimu tano: mbili za chuo, tatu za mtu. Usianze na 01 kwa chuo cha kwanza; anza na 11. Majedwali ya Sheets na Excel hufuta sifuri ya mbele bila kukuuliza, na 01017 inageuka 1017, halafu haimwoni mwanachama yeyote.

Ili kuipata Paybill au namba ya kampuni, chama lazima kiwe kimesajiliwa. Sheria za jumuiya za nchi zote mbili huhesabu jumuiya kuanzia watu kumi. Tanzania msajili yuko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mtoa huduma atataka cheti cha usajili, namba ya mlipakodi ya chama, vitambulisho vya viongozi, uthibitisho wa akaunti ya benki na muhtasari wa kikao uliotaja watia saini kwa majina. Hapo kwenye muhtasari ndipo maombi mengi hukwama. Muhtasari ukisema tu “kikao kiliridhia kufungua akaunti”, unarudishwa. Uandike majina matatu kama yalivyo kwenye vitambulisho, cheo cha kila mmoja, na sharti kwamba wawili kati ya watatu ndio watakaotia saini.

Utaulizwa pia nani abebe makato: mlipaji, chama, au kugawana, ambako Safaricom yenyewe hukuita Mgao. Pendekezo letu ni chama kiyabebe yote. Mwanachama akikatwa shilingi chache juu ya ada, atatuma ada pungufu ili jumla yake iwe 3,000, na wewe utakuwa na rejista iliyojaa watu wanaodaiwa shilingi ishirini na kitu.

Kasoro ya Paybill ni kwamba, isipounganishwa na mfumo wa kuhakiki, hupokea chochote kitakachoandikwa kwenye akaunti. Utakuta “ada”, “Mama Brayo”, “hostel”, “2”. Usirudishe pesa hizo. Fungua mstari mmoja kwenye daftari uitwe Haijatambuliwa, weka muamala hapo pamoja na namba yake ya risiti, kisha tangaza kila Ijumaa namba za risiti (bila majina) na wenyewe watajitokeza.

Kazi ya kulinganisha ni ya nusu saa kwa wiki ukiipanga hivi. Pakua taarifa ya miamala, ibandike kwenye karatasi ya Sheets iitwayo Miamala. Kwenye safu ya pembeni weka fomula ya COUNTIF inayohesabu namba ya risiti. Ikitoa zaidi ya 1, umebandika muamala mara mbili. Kwenye rejista ya wanachama weka SUMIF ijumlishe kila kilichoingia kwa namba ya mtu. Ukitumia VLOOKUP kuleta majina na ukaona #N/A kila mahali ilhali namba unaziona kwa macho, tatizo ni kwamba upande mmoja ni maandishi na mwingine ni namba. Geuza safu zote mbili ziwe maandishi, zitakutana.

Onyo moja kuhusu Paybill za benki. Benki nyingi hukupa Paybill yao, na akaunti inayoandikwa ni namba ya akaunti yenu ya benki. Ukiikubali hivyo, umerudi kwenye Till: pesa imeingia, mwenyewe hajulikani. Baadhi ya benki huruhusu alama na namba ya ziada baada ya namba ya akaunti. Uliza hilo kabla ya kutia saini, na ujaribu kwa shilingi kumi uone taarifa ya benki inachapisha nini.

Wapo watakaosema makato ya mshahara ndiyo dawa. Ni mazuri pale mwajiri anapokubali na mwanachama akaridhia kwa maandishi, lakini chama cha taaluma si chama cha wafanyakazi, na usiahidi haki za makato ambazo vyama vya wafanyakazi, kama KUDHEIHA Kenya au THTU Tanzania, vinazo kwa nafasi yao. Isitoshe, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mtu aliyejaa mikopo ya sako huondolewa makato madogo kwanza, na ya kwenu ndiyo madogo.

Jumuiya ya WhatsApp

Hapa ndipo chama kinapoishi, tupende tusipende. Kundi la kawaida hubeba watu 1,024, kwa hiyo idadi si tatizo. Tatizo ni kundi moja kubwa kutumika kwa kila kitu: tangazo la mkutano, picha ya bomba lililopasuka, rambirambi, nafasi ya kazi, na video ya mahubiri ya saa kumi na moja alfajiri. Baada ya mwezi wanachama wamelinyamazisha, na tangazo la ada halimfikii mtu.

Jumuiya (Community, sehemu ya WhatsApp inayokusanya vikundi kadhaa chini ya kundi moja la matangazo) hutatua nusu ya hilo. Kundi la matangazo ni la admini peke yao kuandika, na chini yake unaweka vikundi vya kazi. Kwa watumishi wa mabweni mgawanyo unaofaa ni wa kazi, si wa vyuo: malazi na ugawaji wa vyumba, ufundi na maji, usafi na kunguni (hili litakuwa na shughuli kuliko yote), na walezi wa wanafunzi. Ukigawa kwa vyuo, unapata vikundi 14 vya kusengenya mabosi. Faida nyingine ya kundi la matangazo ni kwamba mwanachama wa kawaida haoni namba za wenzake ambao hajawahifadhi, jambo linalowafaa wanawake walioingia kwa laini zao binafsi.

Nusu nyingine haitatuliki kwa mipangilio. Picha inayotumwa kundini inaweza kujihifadhi kwenye simu 180. Mtu anapiga picha chumba cha mwanafunzi aliyekutwa na jiko la umeme, au ya mwanafunzi aliyezimia, au karatasi ya majina ya walioshikwa wakibebana (kulaza chumbani wenzao wasiopangiwa), anaituma “kwa mafunzo”. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya zinalindwa kwa ukali zaidi katika zote mbili. Weka kanuni tatu kwenye maelezo ya kila kikundi: hakuna sura, hakuna namba ya chumba, hakuna jina la mwanafunzi. Bomba, ukuta, godoro na saketi ruksa. Admini afute kwa wote mara anapoona, kisha ampigie simu aliyetuma badala ya kumfokea hadharani.

Lipo na hili ambalo katiba nyingi za vyama hazikuliona. Aliyeanzisha kundi hawezi kuondolewa na admini wengine. Anabaki admini mpaka ajitoe mwenyewe. Katibu aliyeshindwa uchaguzi akiwa ndiye mwanzilishi, mna kundi lenye serikali mbili. Suluhisho ni kundi lianzishwe na laini ya chama, si ya mtu. Kama limekwisha kuanzishwa, mwombeni ajitoe wakati bado mnaelewana.

Kura za WhatsApp ni nzuri kwa kuchagua tarehe ya semina. Kwa uchaguzi wa viongozi, hapana: kura ya kawaida huonyesha nani kachagua nini, na msaidizi wa bweni hatapiga kura dhidi ya bosi wake anayeiona skrini hiyo hiyo.

Kwa vikao vya kamati tendaji, simu ya sauti ya WhatsApp hubeba watu 32 na haili bando kama video. Zoom ya bure hukata dakika 40 kwa watu wasiozidi 100. Google Meet ya bure ni dakika 60 kwa kikao cha watu watatu au zaidi. Ukitaka mafunzo ya saa mbili, mmoja wenu alipie mwezi mmoja, kisha asitishe. Hakuna haja ya mwaka mzima.

SMS za mkupuo

Zimedharauliwa bila sababu. Msafishaji mwenye simu ya kubonyeza haoni WhatsApp, lakini SMS inamfikia hata bando likiwa limeisha. Kampuni kama Africa's Talking ya Nairobi na Beem ya Dar es Salaam huuza ujumbe kwa kupakia salio, na unapandisha orodha ya namba kutoka kwenye rejista ile ile.

Jina la mtumaji, lile linalotokea mahali pa namba, lisizidi herufi 11, na husajiliwa kabla, kwa hiyo liombe mapema, lisingoje wiki ya mkutano. Anayepokea hawezi kulijibu. Andika ndani ya ujumbe namba ya kupiga.

Sasa sikiliza hili, maana linakula pesa za vyama vinavyoandika Kiswahili. SMS moja hubeba herufi 160, ila kwa herufi za msingi tu. Ikiingia alama moja nje ya hizo, ujumbe wote hubadilika na kila SMS hubeba 70. Wengi wanajua emoji hufanya hivyo. Wachache wanajua kwamba ritifaa ya “ng’” ukiiandika kwenye Word hujipinda, na ile iliyopinda haimo kwenye herufi za msingi. Ujumbe wa herufi 150 wenye neno “kung’oa” ulionakiliwa kutoka Word hugeuka SMS tatu, kwa sababu ujumbe uliogawanywa hubeba 67 kwa kila kipande. Kwa wanachama 180 umelipia 540 badala ya 180. Andika moja kwa moja kwenye kisanduku cha kutumia, kwa ritifaa iliyonyooka, na uangalie kihesabio cha vipande kabla ya kubonyeza tuma.

Muda wa kutuma ni nusu ya kazi. Ada tangaza mara mbili: siku moja baada ya mishahara ya Julai na siku moja baada ya ile ya Agosti. Januari iache, kila mtu anahangaika na karo. Oktoba iache pia, ni msimu wa foleni za funguo.

Fomu za Google

Kwa kusajili wanachama wapya na kukusanya majina ya mafunzo, hakuna kinachoishinda kwa bei ya bure. Majibu huingia Sheets moja kwa moja, na fomu hufunguka hata kwenye simu kuukuu. Acha maswali saba tu: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, chuo, kazi, simu, mwaka wa kuanza kazi ya mabweni, mafunzo anayoyahitaji, na ridhaa ya kutunza taarifa zake. Usiombe kupakia picha ya cheti. Swali la kupakia faili humlazimisha mtu kuingia kwa akaunti ya Google, na wengi wamesahau maneno yao ya siri. Faili hizo pia hula gigabaiti 15 za bure za mwenye fomu.

Swali la “kazi” liwe la kuchagua, si la kuandika. Ukiliacha wazi utapata meneja wa hosteli, afisa malazi, hausikipa, mlezi, kastodi na matroni, na baadhi yao ni cheo kimoja katika vyuo viwili tofauti. Kabla ya kuandika orodha, kamati iamue mlinzi na fundi wa mkataba wa kampuni ya nje wanaingia au hawaingii. Swali hilo likiachwa wazi, litaibuka siku ya uchaguzi likiwa na mgombea nyuma yake.

Uchaguzi kwa fomu unawezekana, ila kwa nidhamu. Ukiwasha kikomo cha jibu moja kwa mtu, kila mpiga kura lazima aingie kwa akaunti ya Google. Ukikizima, mtu atapiga kura mara tano. Njia ya kati ni misimbo. Kamati ya uchaguzi ya watu watatu wasiogombea itengeneze misimbo 180 ya herufi na tarakimu sita, bila sifuri, O, 1, I wala L. Ichapwe, ikatwe vipande, ikunjwe, itiwe kwenye boksi. Mwakilishi wa kila chuo achote vipande kwa idadi ya wanachama wake waliolipa, atie saini ya idadi, na akawagawie bila kuvifungua. Kwa hiyo kamati inajua misimbo iliyo halali lakini haijui nani ana upi. Hatua hii ya boksi ndiyo wengi huiruka kwa uvivu. Wakituma misimbo kwa SMS kutoka kwenye jedwali, katibu ana orodha ya nani alimchagua nani.

Kwenye mipangilio zima ukusanyaji wa barua pepe, zima kuhariri baada ya kutuma, zima muhtasari wa matokeo kwa wapiga kura. Weka sharti la herufi sita kwenye swali la msimbo. Kanuni itangazwe kabla: msimbo ukitumika mara mbili, kura ya kwanza ndiyo inayohesabiwa. Wakati wa kuhesabu, linganisha idadi ya majibu ndani ya fomu na idadi ya mistari kwenye Sheets. Mtu akifuta mstari kwenye Sheets, jibu la asili hubaki kwenye fomu, na hapo ndipo udanganyifu huonekana.

Kwa wanaotaka kitu cha hali ya juu zaidi, Helios ni mfumo huria wa kura uliotengenezwa na Ben Adida, nao humwezesha kila mpiga kura kuhakiki kwamba kura yake imehesabiwa. Ni mzuri kweli. Lakini humfikia mpiga kura kwa barua pepe, na mafundi bomba wengi hawafungui barua pepe. Kwa chama cha maafisa malazi peke yao tungeupendekeza.

Je, mjiunge na ACUHO-I badala yake?

Swali hili huulizwa na kila kamati mpya. ACUHO-I, chama cha kimataifa cha maafisa wa malazi ya vyuo, kilianzishwa Marekani, makao yake yako Columbus, Ohio, kina jarida lake, Talking Stick, na tawi la kusini mwa Afrika. Kwa kiongozi anayetaka kuona chama kilichokomaa kinavyogawa kamati, kinavyopokezana uongozi na kinavyoorodhesha ujuzi unaotakiwa kwa kazi hii, ni shule.

Kwa mwanachama wa kawaida wa kwetu, kinachofundishwa hakiko karibu na bweni lake. Sehemu kubwa inajengwa juu ya bweni lenye wanafunzi wasaidizi wanaolipwa, kumbi za chakula na biashara ya mikutano wakati wa likizo. Haikufundishi kupanga zamu ya maji pale pampu ikizimika kwa siku mbili, wala namna ya kuhesabu watu halisi katika bweni lenye kubebana. Hata Mabweni ya Magufuli ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaliyofunguliwa 2017 kwa nafasi 3,840, maswali yake si ya Ohio. Nyaraka ya nje iliyo karibu zaidi nasi ni sera ya Afrika Kusini ya viwango vya chini vya malazi ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma, iliyotangazwa Septemba 2015. Inaweka viwango vya vyumba na vyoo kwa idadi ya wakazi, na chama kinaweza kuichukua kama kipimo cha kukagulia mabweni yake hata kabla serikali haijaandika ya kwetu. Uanachama wa nje uwe wa chama au wa mtu mmoja anayeahidi kuleta ripoti, usiwe kigezo cha kujiunga.

Akaunti na laini: mwenyewe ni nani?

Zana zote hizi zinaning'inia kwenye vitu viwili: barua pepe ya chama na laini ya simu ya chama. Vikiwa vya katibu binafsi, kila uchaguzi ni kuanza upya.

Barua pepe ifunguliwe kwa jina la chama, na fomu, majedwali na taarifa za Paybill zote ziwe mali yake. Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, kwa hiyo chama kilicholala kikiamka kinaweza kukuta rejista haipo. Nakili rejista nje ya Google kila baada ya mkutano mkuu, kwenye kompyuta mbili tofauti.

Laini isajiliwe kwa cheti cha chama, si kwa kitambulisho cha mtu. Iwekwe kwenye WhatsApp Business, ambayo ina majibu ya haraka na ujumbe wa kujijibu mwenyewe akiwa zamu. Mwenyekiti na mweka hazina waunganishe simu zao kama vifaa vya ziada. Vifaa vinne vinaruhusiwa, ila simu kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14, vyote hutolewa. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na barua pepe ya kurejeshea iwe ile ya chama. Namba ya siri iandikwe, ifungwe kwenye bahasha, ikae na mdhamini asiye kwenye kamati. Katibu akiondoka nayo kichwani na barua pepe haikuwekwa, WhatsApp itawalazimu kusubiri siku 7 kabla ya kuweka namba mpya ya siri, na makabidhiano ya uongozi kwa kawaida huangukia Septemba, wiki moja tu kabla ya wanafunzi kupanga foleni ya funguo.